Maji ya Wageni wa Maabara

Ernesta wa Busunzu alifinyanga vyungu vya kuchujia maji, akavipaka ndani madini ya fedha yanayoua vijidudu. Mwaka 2014 Zuhra, afisa maji wa Kibondo, alimwomba chupa moja ya maji yaliyochujwa aipeleke maabara. Huko kulikuwa na mashine ya kuchoma tone na kupima chembe za madini moja moja, hata zile ndogo kuliko kijidudu. Alitaka kujua kama fedha inabanduka.

Majibu yakaja: fedha kiduchu, alumini tele.

“Mama, hii alumini imetoka wapi?”

Ernesta akainamisha uso. Kabla ya kujaza ile chupa, alikuwa ameisugua sufuria yake ya alumini kwa mchanga mpaka ikang'aa, kisha akayachemsha maji humo.

“Nilidhani wenzako wa maabara watayanywa, mwanangu. Mgeni nitampaje maji mabichi?”

Zuhra akakunja karatasi ya majibu, akaomba kikombe cha maji anywe.