Mbuzi wa Kiritiri Hawahesabiwi

Mama yangu alichuma chai kule Kibugu, na karani wa kituo alikuwa mtu wa kumwaga. Akiona jani kuukuu moja kikapuni, anamwaga yote chini uchague upya. Mama hakumchukia. Alisema, "Huyo angalau anaangalia." Nilimkumbuka karani huyo siku ya kwanza nilipopewa ufunguo wa gari la ofisi ya mifugo, Embu. Kabla ya hapo nilibeba ndizi za Mitunguu kwa lori, na ndizi haina maneno mengi. Sasa nilibeba mtu wa kuangalia wenzake.

Tulimwita Mkaguzi. Aliwapima maofisa wa kati, wale wenye bosi juu na watu chini. Mwanzo wa mwaka ofisa anatia sahihi mkataba wa utendaji, yaani anaahidi kazi atakayofanya. Mwisho wa mwaka anapewa alama.

Ofisa wa Kiritiri, kule Mbeere, alikuwa Madam Igoki. Aliahidi kuchanja mbuzi, na kila aliyechanjwa alivishwa kipini sikioni. Mwaka uliotangulia alama zake zilikuwa chini. Akianguka tena, cheo kimeenda.

Tukafika naye kwa mfugaji mmoja, Mzee Njiru.

"Mzee, waliochanjwa ni wangapi?"

"Ni hao unaona."

"Nataka nambari."

"Kijana wangu, kwani wewe watoto wako unawahesabu?"

Mkaguzi akaandika sufuri. Kwetu mifugo haitajwi hesabu, ni kuita kifo. Yeye mwenyewe alikuwa Mmeru, alijua vizuri, lakini akasema, "Mimi najua. Bosi Embu anataka nambari."

Madam Igoki akamgeukia mzee. "Baba, si uwatoe mmoja mmoja? Uwaite tu."

Mzee akasimama mlangoni pa zizi. "Mwenye baka, pita. Mama mapacha, pita. Na wewe mwizi wa mtama, pita, usijifiche." Mkaguzi akawa anatazama sikio, anachora mstari, mdomo umefungwa.

"Usijumlishe hapa," mzee akamwonya.

"Nitajumlishia Embu."

Akajumlishia Embu, na cheo kikabaki. Tangu hapo Mbeere yote tulikagua hivyo, polepole, na mimi nililala sana ndani ya gari.

Madam Igoki alipanda hadi akawa mkurugenzi. Nilipofika kustaafu akaniambia, "Baba, ngoja chai ya kukuaga, tukutathmini mbele ya watu. Utapata alama nzuri."

Nikasema sawa, wacha ninawe mikono. Nikaacha ufunguo mezani, nikachukua koti, nikashika njia ya Kibugu kabla hawajanijumlisha. Sijarudi mpaka leo.