Fundi Aliyezing'oa Breki za Gari la Tajiri

Saa moja asubuhi, mlango wa gereji uko wazi nusu tu. Ukifunguliwa wote, wapita njia husimama kupiga picha na simu zao, na leo mwenye gereji hataki watazamaji. Amelala chali juu ya boksi lililokunjuliwa, mikono yake imezama ndani ya nafasi ya gurudumu la mbele, anakaza bolti. Anakaza, anasita, anaifungua, anaifuta, anaanza upya.

Mumewe amekaa kwenye stuli akimpa spana moja moja. Naye alikuwa fundi, kabla jeki haijateleza na kumponda mkono wa kulia. Anamkumbusha mkewe kwamba bolti hiyo ameshaikaza mara tatu.

"Nne," sauti inajibu kutoka chini.

Gari lililoinuliwa juu ya stendi za chuma ni la kijivu, pana, fupi, na limekaa chini kiasi kwamba anayetaka kuingia lazima atangulize makalio kisha avute miguu. Ni la mfanyabiashara wa vigae. Thamani yake inazidi jengo zima ambamo mama huyu wa watoto watatu amepanga chumba cha gereji.

Mtaani wanamwita Fundi Mbao. Kati ya gereji na barabara ya lami kuna matuta, na tumbo la gari hili haliwezi kupita tuta lolote bila kukwaruzika. Kwa hiyo kila linapotoka, yeye hutangulia kwa miguu na mbao mbili, anazitandika mbele ya tuta, anaongoza kwa mkono, gari linapanda na kushuka, anaziokota, anaelekea tuta linalofuata. Watoto humfuata kwa shangwe. Mpangaji mmoja mgeni aliwahi kumletea vipimo vya kitanda cha mtoto, na ilibidi arudishwe kwa upole.

Amelihudumia gari hilo kwa miaka minne, na theluthi ya kipato chake inatoka hapo. Watu hudhani kazi ni kulinunua. Yeye anawacheka.

"Kununua ni siku moja," anasema. "Kulitunza ndiyo ndoa yenyewe."

Tairi mbili za nyuma zinakwisha upesi, na bei yake ni kodi ya gereji ya miezi mitano. Oili yake haipatikani duka la jirani, huagizwa. Ukiliacha bila kuliwasha, betri inakufa. Ukiliosha kwa maji ya kasi kwenye injini, waya zinagoma na taa za dashibodi zinawaka zote kwa pamoja. Na breki, pedi na diski zake mbele na nyuma, ni kodi ya miaka miwili kamili.

Hizo breki ndizo zilizomtia matatani.

Zilipokwisha, mwenye gari alipiga hesabu, akashika kichwa. Kisha akapata muuzaji kwenye simu, mwenye breki zinazofanana na zile halisi kwa kila kitu isipokuwa bei. Akazileta gereji, akamwambia fundi afunge. Fundi alizigeuza mkononi, moyo ukasita, lakini bosi ni bosi. Akafunga. Akalijaribu gari pale pale mtaani, kwenye matuta yake, kwa mwendo wa mbao. Likasimama vizuri kabisa.

"Hapo ndipo nilipokosea," anasema, na hatafuti kisingizio. "Kwa mwendo ule hata mguu wa mtu ungelisimamisha. Nililijaribu gari la mbio kama mkokoteni."

Wiki ile ile mwenye gari alipita gereji, akitoka kulitembeza kidogo pembezoni mwa mji. Fundi akainama karibu na gurudumu. Joto lilimpiga usoni, na harufu ilikuwa ile ya nguo iliyosahauliwa chini ya pasi. Bosi akasema breki mpya ndivyo zinavyonuka. Kisha, akiwa na furaha zake, akasema Jumamosi anaingia nalo barabara kuu, aone mwisho wake.

Fundi akamwomba aliache gari, kuna kitu anataka kukikaza. Ulikuwa uongo. Bosi alipoondoka tu, alilipandisha juu ya stendi, akang'oa magurudumu yote manne, akazing'oa na breki. Mumewe alimuuliza kama amepata wazimu. Halafu akamshikia taa.

Simu aliyoipiga baada ya hapo anaikumbuka neno kwa neno. Bosi alifoka. Alisema huo ni wizi, akataja polisi, akataja gereji kubwa za mjini ambako mafundi huvaa sare na kufanya wanachoambiwa. Fundi alimwacha amalize, kisha akamuuliza swali moja: Jumamosi, kiti cha pembeni angekaa nani?

"Mama watoto," bosi akajibu.

"Basi mwambie umefunga breki za namna gani, na kwa nini. Akikubali, nitazirudisha kwa mikono yangu hii, na sitakudai kitu."

Simu ikakatwa. Wiki tatu zikapita kimya. Gari lilikaa juu ya stendi, likijaza nafasi ambayo magari mawili ya wateja wengine yangekaa, na wateja hao wakaenda kwingine. Kodi ya mwezi ule ilichelewa, na mwenye jengo alianza kupita mara kwa mara kusalimia. Mama huyu anakiri kwamba aliogopa. Aliogopa polisi, aliogopa zaidi kupotea kwa theluthi yake. Hata hivyo, kila baada ya siku chache alilihudumia gari la watu: akalivua turubai, akaliwasha, akaliacha lipate moto wa kutosha, akalizima, akalifunika.

Siku moja jioni bosi alikuja, peke yake, kwa miguu. Alikaa kwenye stuli ya mume wa fundi, akaziangalia diski zilizoegemezwa ukutani. Akasema breki halisi ameshaziagiza. Fundi alidhani mke wa bosi ndiye aliyekataa.

"Sikumwambia," bosi alisema. "Kila nikitaka kumwambia, maneno hayatoki. Nikaona jambo ambalo siwezi kumwambia, siwezi kumfanyia."

Zilifika juzi, na leo ndizo zinazokazwa. Lakini breki mpya za gari hili hazipewi kazi nzito siku ya kwanza. Zinazoeshwa: mwendo, breki, mwendo zaidi, breki, mpaka pedi na diski zijuane. Mtaa wa matuta hauwezi kazi hiyo. Kwa hiyo kesho Jumapili, alfajiri, kabla magari hayajawa mengi, bosi ataliingiza barabara kuu. Kiti cha pembeni atakaa fundi. Sharti hilo kaliweka yeye mwenyewe, na kuanzia sasa ndiyo sheria ya gereji yake: aliyefunga breki ndiye abiria wa kwanza.

Anasema ana hamu pia. Miaka minne anaujua mlio wa injini hii kuliko anavyoijua sauti ya shemeji zake, na hajawahi kuliona gari likikimbia. Akirejea salama na kazi zikirudi, anataka kukodi chumba cha pili, asilazimike tena kumpoteza mteja kwa kukosa nafasi.

Mumewe hajapendezwa. Tangu jana anasema wana watoto watatu, na kwamba bosi angeweza kuzizoesha breki hizo peke yake.

Fundi anatoka chini ya gari, anajifuta mikono, anamtazama.

"Baba watoto, kama mimi niliyezifunga naogopa kukaa humo," anasema, "na mke wa mtu asikae."