Fundi wa Vitufe

Fundi wa vitufe vya projekta haanzi na bisibisi. Kwanza hufuta vidole kwenye shati, kisha hubonyeza kitufe kimoja kimoja kwa kidole cha pete, kichwa kakiinamisha kama anayesikiliza mtoto akinong'ona. "Sema, mzee wangu, sema," huiambia mashine. Mama mwendeshaji wa sinema anamjua kwa vituko hivyo, na siku zote humcheka. Leo hacheki. Wiki nzima kitufe cha kuwasha taa kimemgomea, watazamaji wamezomea gizani, na meneja amesema wazi: kitufe kikionekana kizima, basi mbovu ni mwendeshaji.

Fundi akafungua kibao cha vitufe, akachomoa utepe wa waya, akaupuliza, akaurudisha. Akabonyeza, taa ikawaka. Akaizima, akabonyeza tena, ikawaka. "Hebu na wewe, dada." Kitufe hicho hutaka kushikiliwa kidogo, lakini mkono wa mama ulitetemeka, ukaachia mapema. Taa haikuwaka. Fundi akautazama ule mkono, kisha akainamia menyu ya mashine, akapunguza muda wa kushikilia kitufe.

"Vipi, kizima?" meneja akauliza kutoka mlangoni.

"Kilikuwa kikaidi, bosi. Kilitaka kubembelezwa mno. Nimekilegeza, sasa kikiguswa tu kinaitika."

Mama akagusa. Mwanga ukajaa kwenye pazia. Alipogeuka amshukuru, fundi alikuwa amempa mgongo, anakunja waya aliokwisha kuukunja, na aliukunja polepole mpaka mama alipomaliza kujifuta macho.