Mama Alipolileta Pori Mlangoni

Watu wakija kwangu wakaona nyuki walivyojaa bustanini, huuliza nilinunua maua gani. Siku hizi barabara ya kwenda uwanja wa ndege wa Luano imejaa wauza miche, kila mche na mfuko wake mweusi, na wageni wangu wanataka niwatajie jina tu wakanunue. Nawaambia wasijisumbue. Aliyenifundisha kuchagua maua ni mama yangu, huko Katuba, mtaa niliokulia, wakati nchi ilikuwa inatuangukia kichwani, na mpaka leo sijaona mtunza bustani wa kumfikia.

Baba alikuwa msimamizi wa kikosi cha mafundi wa reli, na mtaa mzima ulimwita shefu. Alizaliwa katika kambi ya wafanyakazi, ambako mkaguzi alipita nyumba kwa nyumba akitafuta jani moja la kumgombezea mwenye nyumba, na sheria hiyo baba aliibeba mpaka kwake. Mbele ya nyumba yetu palikuwa na udongo mwekundu mtupu, uliofagiliwa kila asubuhi mpaka unaona mistari ya ufagio. Kando ya mlango kulikuwa na waridi, bogenvilia, na mawe yaliyopakwa chokaa. Nyasi ikithubutu kuchipuka, baba aliing'oa kwa vidole kama mtu anayemtoa mbwa kupe.

Kisha treni zikasimama. Askari walipora mjini mchana kweupe, maduka yakabaki vioo vilivyovunjika, na mshahara ukawa hadithi. Baba aliendelea kuamka na kuvaa koti lake la reli, ila sasa alilivaa kwa kufagia. Mama akachukua jembe, akalima sehemu ya nyuma ya lupango, yaani kiwanja cha nyumba, akapanda maboga. Ndiyo aliyoyategemea yatuvushe miezi ya njaa.

Majani yalikubali kweli. Tulikula kibwabwa, mboga ya majani ya maboga, mpaka tukaichukia. Maua nayo yalifunguka kila asubuhi, ya manjano, yamenona. Lakini boga lenyewe lilifika ukubwa wa kidole gumba, likanyauka, likaanguka. Lililofuata nalo hivyohivyo. Majirani wakaanza kunong'ona habari za uchawi, kwa ule mnong'ono wa kutaka usikike. Mama alichukua kigoda akakaa katikati ya maboga tangu jua lichomoze.

"Mama, uko namona nini?" nikamwuliza.

"Niko namona ile haiko," akasema. "Nyuki haiko hata moja."

Alisema kweli. Umeme ulikuwa unakatika ovyo, mji mzima ulipikia makala, yaani mkaa, na miti ya kandokando ilikuwa imeishia kwenye mbabula zetu, yale majiko ya bati. Nyuki walikuwa wamehama bila kuaga. Waridi la baba halikuwafaa kitu. Lilikuwa petali juu ya petali, zuri la kutazama, na nyuki aliyepotea njia akatua juu yake aliondoka na njaa yake.

Msimu ule mama alifanya kazi ya nyuki kwa mkono, akichuma ua dume na kulipakaza ndani ya ua jike. Jirani yetu, mke wa mfanyabiashara wa jumla kutoka Kivu ya Kaskazini, alicheka mpaka akashika ukuta.

"Mama, unafungisha maua ndoa na padiri hayuko?"

Tulipata maboga machache, ya kuonja. Mkono mmoja haulei mwana, na mkono wa mama ulikuwa na watoto wengine wa kulea.

Basi akaanza kwenda porini na wanawake wa makala. Wenzake wakifunga magunia, yeye alisimama mbele ya kichaka kama mtu aliyebisha hodi akangoja kufunguliwa. Hapo ndipo mama aliponimaliza. Hakuchagua ua kwa sura yake. Alitazama nani analitembelea. Ua lisilo na mgeni aliliacha, hata likiwa na rangi kama kitenge cha harusi. Alisema nyuki naye ana mwezi wake wa njaa, na ukimlisha mwezi mmoja tu unamfundisha kuhama. Kwa hiyo akaleta mshubiri wa pori, unaochanua maua mekundu wakati wa baridi. Akaleta mti wa majani machungu ambao jirani wa Kivu aliutambua mara moja, akauita mubirizi. Huo maua yake meupe hufunguka wakati vumbi limefunika kila kitu. Kwa ajili ya miezi ya mvua akaleta kivumbasi, kinachonukia hata ukikigusa kwa nguo tu. Na juu ya hayo akaleta mche wa mutondo, mti wa asali ya kwetu, akijua wazi kwamba huenda asiuone ukichanua.

"Hii iko ya bajukulu," alisema.

Penye jua la kutosha palikuwa mahali pamoja tu: mbele, mlangoni, kwenye udongo wa baba.

"Juu ya nini unaleta pori ku mulango?" baba akauliza, ufagio mkononi. "Bantu batapita, batasema shefu alikufa."

"Batasema kwa shefu banakula," mama akamjibu.

Sijawahi kuwasikia wakigombana vile. Leo naelewa baba alikuwa anatetea nini. Reli ilikuwa imemtupa, koti limechakaa viwiko. Ule udongo uliofagiliwa ndio pekee uliobaki kumshuhudia kwamba bado ni mtu. Nilimwonea huruma, na papo hapo nilitamani kumfichia majembe yote. Asubuhi moja alilishika jembe kweli. Mama hakupiga kelele.

"Ngojea maboga itoe maua," alisema. "Kama haizae, weye mwenyewe utang'oa."

Mvua ziliponyesha, kivumbasi kilinenepa, kikalalia njia ya kuingilia. Maboga yakachanua. Mama alirudi kwenye kigoda chake, na safari hii nilikaa naye, nikaona nyuki akitoka ndani ya ua akiwa amepakaa unga wa manjano mwili mzima, mzembe kabisa, kama mtoto aliyeiba unga jikoni. Boga likapita ukubwa wa kidole gumba, likapita ngumi, likaanza kulalia tumbo. Kisha niliona mistari ya ufagio wa baba imeanza kupinda, ikizunguka vichaka vya mama.

Siku moja baba alitembelewa na mwenzake wa zamani wa reli, naye hana mshahara kama yeye. Alifungua geti, akakuta kichaka kimeziba njia, akacheka, akainua mguu akisukume pembeni. Baba aliruka kutoka kitini.

"Pita kule nyuma!" alimwambia. "Hapo bantu bako ku kazi."

Mgeni alitazama huku na huku akiwatafuta hao watu. Palikuwa na nyuki tu. Tangu treni zisimame sikuwa nimemsikia baba akilitamka neno kazi. Mama alikuwa jikoni anatwanga sombe, yale majani ya muhogo, akalisikia neno hilo. Aliuacha mchi ndani ya kinu, akalia kwa sauti, na sisi watoto tukalia naye bila hata kuulizana.