Mwalimu Alimaliza Tasnifu Yake

Mwalimu mstaafu wa jiografia, mama jirani yangu hapa Temeke, hatunaye tena. Simu ilipoingia asubuhi, wasomaji wangu, sikuuliza kilichomuua, maana figo zake zilikuwa zimemsumbua muda mrefu. Niliuliza, “Tasnifu je?” Mwanawe akanijibu, “Alhamdulillahi, alishaitetea, na marekebisho yote yamepokelewa.” Jamani, nilishusha pumzi! Nimelia, ndiyo, lakini nimelia moyo ukiwa mwepesi.

Alipostaafu, wenzake walifungua maduka na mabanda ya kuku, yeye akajiandikisha shahada ya uzamili kwa utafiti. Shahada hiyo haina darasa la kukaa. Ni wewe, msimamizi wako na swali lako. Lake lilikuwa hili: mvua ikinyesha, kwa nini maji ya bondeni kwetu kila mwaka yanahamia nyumba nyingine? Siku ya kwanza mtaani akatinga kizibao cha kung'aa, gambuti, na kifaa cha kupimia mkononi. Weee! Huku kwetu mtu wa hivyo akisimama mbele ya nyumba yako, kinachofuata ni alama ya X nyekundu ukutani, kisha bomoabomoa. Akina mama wakafunga mageti. Mzee mmoja akamfokea, “Mwalimu, na wewe umekuja kutubomolea?” Mwenye nyumba mwingine akamkaribisha soda, akamnong'oneza aandike kwamba choo nacho ni chumba, ili fidia ikija inone. Nilikuwepo, na tulicheka mpaka mwalimu akakaa chini.

Kicheko kiliisha upesi. Hakuna aliyempa jibu la maana, na miguu yake ilikuwa imeanza kuvimba. Nikamwambia, “Mwalimu, pumzika sasa.” Akanijia juu: “Nipumzike nimefanya nini? Nikifa hili halijaisha, sitawasamehe nyie mnaonipumzisha!” Kesho yake akatoka na khanga zake, akaongozana na mjumbe, akawaamkia wazee, na kila mlango akaanza na aibu yake mwenyewe: “Kwangu mie maji yanaingiaga mpaka jikoni. Kwenu je?” Basi, watu wakafunguka, hata yule mzee akatoka kumwonyesha ukutani maji yalipofika. Sie tumezoea kwamba mtu anasoma ili apate kazi au cheo, kwa hiyo mstaafu akishika vitabu tunaona kachanganyikiwa. Kumbe yeye alitaka tu kujua jambo linalotusumbua sote, na alilijua.

Msibani mama mmoja alisikitika, “Maskini, kafa hajavaa joho.” Mwana wa marehemu akacheka huku anafuta machozi: “Alijaribu la kuazima, akasema linawasha.” Ndugu zangu, mkimwona mtu mzima ameanza safari ndefu, acheni kumwuliza inamsaidia nini. Mwulizeni amefika wapi. Huyu wetu alikuwa amefika.