Tuta Alilolitaja Baba

Vidole alikuwa amesimama nyuma ya mteja, chanuo kinywani, akigawa nywele ili aanze tuta jingine juu ya sikio, simu yake ilipoita. Jina hilo alipewa na wateja kwa jinsi alivyokuwa mwepesi wa kusuka. Lile la kuzaliwa lilibaki nyumbani. Aliibana simu kwa bega, vidole havikusimama. Alikuwa baba yake, na sauti ilikuwa ndogo kama ya mtu aliyejifunika blanketi.

"Mwanangu, nimeanguka kwenye tuta. Mguu hauniitikii. Njooni."

Akauliza tuta gani. Simu ikakatika. Alipopiga, haikupatikana. Akapiga tena, ikawa vilevile. Chanuo likamdondoka, na mteja aliyegeuka kuuliza kulikoni alimkuta msusi wake keshatoka mlangoni, peku.

Baba yake alikuwa kibarua wa barabara mpaka alipostaafu, na karibu kila tuta la kupunguza mwendo wa magari mjini pale lilipita kwenye koleo lake. Nyumbani alilima. Kisha moyo ukaanza kumsumbua, daktari akampiga marufuku kazi za sulubu, na mama, asiyefanya mambo nusunusu, akaligawa jembe kwa jirani siku hiyohiyo. Tangu hapo mzee alivaa kofia kila asubuhi, akaaga kwamba anakwenda kucheza drafti na wastaafu wenzake. Akirudi alasiri, mara nyingine alileta mfuko wa viazi vitamu aliosema kanunua sokoni, na mama alimsema kwamba wamembambikia vidogo.

Kwa hiyo Vidole hakuwaza mara mbili. Tuta lilikuwa la barabarani. Njia nzima alikuwa akiona lori, na kofia ya baba yake ikibiringika kwenye lami.

Alifika gereji ya kaka yake, fundi pikipiki, akihema. Mafundi walikuwa wamezunguka redio. Mechi ilikuwa imekwisha sare na sasa zilikuwa zikipigwa penalti, ambazo mashabiki huziita matuta. Aliposema baba ameanguka kwenye tuta, mmoja akacheka, akasema mzee si peke yake, timu yao yote inaangukia kwenye matuta leo. Kisha akaona Vidole yuko peku. Kicheko kikamkauka yule fundi mdomoni. Kaka mtu alikuwa ameshawasha pikipiki.

Walipita tuta la shuleni, la darajani, la lango la soko. Darajani waliona doa jeusi lililosambaa, na ndala moja kando yake. Kaka yake alishuka, akachutama, akagusa doa kwa kidole, akanusa. Ilikuwa oili. Ndala haikuwa ya baba. Hata hivyo Vidole aliketi ukingoni mwa barabara, magari yakimpita.

Hapo ndipo alipompigia mama, jambo alilokuwa akilikwepa. Mama alimtaka arudie maneno ya baba kama yalivyotoka, asipunguze wala asiongeze.

"Hakusema barabarani?"

"Hakusema, mama."

"Basi hayuko barabarani. Baba yenu lile la lami huliita nundu. Hajawahi kuliita tuta hata siku moja."

Akawaeleza jambo ambalo hawakuwahi kulisikia. Zamani, ilipoletwa kazi ya kujenga nundu ya kwanza ya barabarani, msimamizi alikosa namna ya kuwaelewesha vibarua, akawaambia wainue kokoto kama wanaopanda viazi. Vibarua wakaiita tuta, na mji mzima ukawafuata. Baba peke yake alikataa. Alisema tuta ni udongo uliorundikwa ili kitu kiote, na lile la lami linaotesha nini?

"Lakini baba hana shamba tena," Vidole alisema.

"Hilo ndilo linalonitisha, mwanangu."

Kaka yake alimpigia mzee mmoja wa kwenye drafti. Yule mzee alibabaika, akajikohoza, mwishowe akasema ukweli: mwenzao hawajamwona mezani tangu mvua zilizopita. Kama hayuko nyumbani, basi waangalie nyuma ya kiwanda cha matofali kilichofungwa. Aliwaomba wasimwambie kwamba yeye ndiye aliyetoboa siri.

Walipozunguka ukuta wa kiwanda, Vidole alisimama. Uwanja mzima ulikuwa matuta, marefu, yamenyooka, yamefunikwa na majani ya viazi, nyasi hamna hata moja. Yalifanana na kichwa kilichotoka kusukwa. Mtu ambaye wote walikuwa wakimkataza hata kubeba ndoo alikuwa amefanya kazi ile yote ndani ya mji uleule, na wao hawakujua kitu.

Alikuwa amelala kwenye mfereji kati ya matuta mawili, uso umepauka kwa vumbi, mguu umegeukia upande usio wake, jembe chini ya mgongo. Alipowaona, alijaribu kukaa.

"Msimwambie mama yenu," alisema.

Vidole alipiga magoti, akaanza kumpangusa udongo kwenye nyusi, polepole, wakati kaka yake akikimbia kutafuta gari.

Nyonga ilikuwa imevunjika. Moyo, daktari alisema huku akizipitia picha kwa mara ya pili, ulikuwa unapiga vizuri kuliko alivyoukuta mwaka uliopita. Hakulieleza hilo, na hakuna aliyethubutu kumuuliza. Baba alifanyiwa upasuaji na baadaye akarudi nyumbani kwa magongo.

Mama alikaa kando ya kitanda cha hospitali siku ile baba alipolazwa bila kufoka, jambo lililowatia watoto hofu kuliko kelele zake zote. Alimwangalia mumewe kama mgeni aliyekosea wodi. Mwishowe alimuuliza marando ya viazi ya kupandia aliyapata wapi. Baba akajibu kwamba alipewa na mlinzi wa kiwanda.

"Ndiyo maana vilikuwa vidogo," mama alisema. "Mbegu mbaya."

Kisha akafunika uso kwa khanga, na mabega yakaanza kutetemeka. Vidole, aliyekuwa bado peku, hakuweza kujua kama mama yake anacheka au analia.