Safari ya Tatu ya Shabunda

Kwa miaka tisa kazi yangu ilikuwa kupima uzito pale uwanja wa ndege wa Kavumu, nje ya Bukavu, kabla vita haijaufunga. Kila aliyepanda ndege ya Shabunda alisimama kwanza juu ya mizani yangu na mfuko wake mkononi, awe padri, awe mke wa kanali. Ndege zetu zilikuwa ndogo, injini mbili na viti kumi na saba, na kilo hamsini zilizofichwa zingetosha kuifanya ndege ikwaruze miti kule mwisho wa pisti, njia ya kurukia ya Shabunda. Nilipomaliza kupima nilimpelekea rubani karatasi ya uzito aisaini. Wengi waliisaini huku wakiongea na simu. Komanda Amisi Rashidi alikuwa anaisoma.

Amisi alikuwa mtu wa Uvira, wa ukoo wa wafanyabiashara Waislamu ambao babu zao walitoka pwani ya mashariki. Baba yake aliuza vitenge, na alitaka mwanawe akae nyuma ya meza ya duka. Amisi alitaka kuruka. Dada yake mkubwa, Salwa, ndiye aliyelichukua duka ili ndugu yake aende kusoma, na baadaye akalihamishia Bukavu. Wakati wa mambo haya, mwaka 2022, Amisi alikuwa na miaka hamsini na miwili. Alikaa mtaa wa Bagira, mtu mwembamba, shati limepigwa pasi, maneno machache. Msitu wa kati ya Kavumu na Shabunda alikuwa ameuruka miaka ishirini.

Watu sasa wanamsimulia kana kwamba alizaliwa simba. Haikuwa hivyo. Alinyamaza kama wenzake, na alikuwa na sababu.

Programu ya kazi ilitoka kwa Didier, mkubwa wa operesheni, kwa ujumbe wa simu, siku moja kabla. Iliandikwa safari mbili. Ukifika uwanjani zinakuwa tatu, pengine nne. Siku ya mapumziko ilifutwa ukiwa bado unakunywa chai. Na mkataba ulikuwa wa miezi mitatu. Amisi alikuwa amesaini mikataba ya miezi mitatu mfululizo kwa miaka kumi na moja, bila likizo, bila neno lolote juu ya ugonjwa. Rubani aliyeuliza maswali hakufukuzwa. Karatasi yake iliisha tu, na hakuna aliyempa nyingine. Kwa hiyo marubani walinung'unika chini ya bawa la ndege, na Didier alipotokea walianza kuongea habari za mpira.

Alhamisi moja ya mwezi wa kumi Amisi alikuwa katika siku yake ya sita bila kupumzika. Safari ya kwanza ilikwenda ikarudi, ya pili vilevile. Kabla ya saa sita Didier aliongeza ya tatu, kwa sababu mizigo ilikuwa mingi. Katika abiria niliowapima alikuwemo Salwa mwenyewe, ambaye alikuwa anafuata wateja wake Shabunda na marobota mawili ya vitenge. Alinitania kwamba mizani yangu inawaonea wanawake, akapanda, akakaa kiti cha pili nyuma ya ndugu yake.

Yaliyotokea huko juu nimeyapata kwa Hugues, kopilote wake, yaani rubani msaidizi, kijana wa hapa Bukavu. Walikuwa wamevuka milima, hali ya hewa ilikuwa tulivu, chini msitu mtupu. Hugues aliinama kujaza karatasi. Alipoinua kichwa aliona pua ya ndege imeanza kushuka polepole. Mikono ya komanda ilikuwa kwenye usukani, na macho yake yamefumbwa.

Hugues alishika usukani wake, akainyanyua ndege, akamwita. Amisi alishtuka, akaangalia saa, akaangalia vipimo, akauliza amepotea muda gani.

"Sijue, komanda," Hugues akamwambia. "Na mimi sikukuwa naangalia."

Hilo ndilo lililowatisha zaidi. Kati yao wawili hakuna aliyejua.

Walitua vizuri. Abiria walishuka bila kujua lolote, Salwa akaenda na marobota yake. Wa kurudi Bukavu walikuwa tayari wamejipanga na mizigo, watu kumi na wawili. Hugues alidhani komanda angekunywa maji na kuwasha injini, kama siku zote. Badala yake Amisi alishuka, akasimama mbele ya wale watu kwenye udongo mwekundu, akavua kofia.

"Bandugu," alisema, "mimi niko muchovu. Nikirusha sasa hivi, sitakuwa rubani, nitakuwa tu mutu mwenye kukaa kwenye kiti ya rubani. Ninawaomba saa mbili nilale."

Watu walitazamana. Mnunuzi mmoja wa dhahabu alilalamika kwamba anangojewa Bukavu. Lakini kulikuwa na mwanamke mzee aliyekuwa anakwenda hospitali, amevimba miguu, na yeye alifungua kitenge chake cha juu, akakitandika chini ya bawa.

"Lala, mwana wangu," alimwambia. "Tulingojea ndege siku ine. Saa mbili itatushinda?"

Amisi alilala, na Hugues akalala kando yake. Abiria walikaa pembeni wakiwazuia watoto wasiwasumbue. Walirudi Kavumu kabla mawingu hayajafunga milima.

Didier alikuwa anawangojea amekasirika. Hakuuliza kilichotokea, alitaka tu sababu ya kuchelewa iandikwe "mvua", ndivyo tulivyozoea kuandika. Nilikuwa nimesimama pale na karatasi zangu. Amisi alichukua daftari la ndege, akaandika kwa herufi zake zilizosimama wima: Marubani walichoka. Tulipumzika saa mbili kwa usalama wa abiria. Didier aliisoma mara mbili, akasema maneno kama hayo hayaandikwi mule.

"Mvua haikunyesha, Didier," Amisi akajibu, akaenda nyumbani.

Siku iliyofuata aliambiwa kwamba mkataba wake unaisha mwisho wa mwezi wa kumi na mbili, na kwamba kampuni itafikiri. Tulielewa. Lakini wiki ile ile Hugues, aliporuka na komanda mwingine, naye aliandika uchovu kwenye daftari. Kisha mwingine akaandika, na mwingine. Marubani wote walikuwa saba kwa jumla, pamoja na makopilote, na kabla ya mwezi kwisha wote saba walikuwa wameandika ukweli angalau mara moja.

Jumapili moja Amisi aliwaita kwake Bagira. Walikaa uani na chai. Kulikuwa na walioona dawa ni mgomo kamili: kuacha funguo za ndege mezani na kuzima simu. Amisi alikataa. Alisema Shabunda wakati wa mvua haina barabara ya gari. Wao wakigoma, wa kwanza kuumia ni mgonjwa na mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa, si patron, mwenye kampuni. Alipendekeza jambo lililoonekana dogo: kila mmoja aruke saa zote ambazo sheria inaruhusu, kwa moyo, na saa zikiisha akabidhi ndege na kwenda nyumbani. Kisha waliandika barua yenye maombi mawili. Programu ijulikane wiki moja mbele, ikiwa na siku ya mapumziko isiyofutwa. Na mkataba uwe wa mwaka, wenye likizo. Walisaini wote saba.

Patron wa kampuni alikuwa anakaa Kinshasa. Alijibu kwamba marubani wako wengi duniani.

Mwezi wa kumi na moja ghala letu lilijaa. Amisi alikuwa amewaomba wenzake wapeleke dawa na wagonjwa kwanza, kwa hiyo sabuni, chumvi, mafuta na nguo vilibaki vikirundikana mpaka karibu na mizani yangu. Wafanyabiashara walikasirika, na hawakumkasirikia patron ambaye hawakumwona, bali marubani waliokuwa wanawaona wakienda nyumbani jua bado liko juu. Waliwaita wavivu. Nilimwona Amisi akipita katikati ya maneno hayo, amenyooka, akisalimia kila mtu kwa jina. Sijui alikuwa anajisikiaje ndani, lakini alianza kukonda.

Ndipo Salwa akaja. Marobota yake yalikuwa yamelala ghalani wiki mbili. Hakumwita ndugu yake pembeni. Alimsemesha mbele ya watu.

"Amisi, mimi nilikamata duka ya baba juu wewe uruke. Leo vitenge yangu inaoza hapa juu wewe unakataa kuruka?"

Amisi alimshika mkono, akamleta nyuma, kwenye mizani. Nilikuwa pale na sikuondoka. Ninakiri, nilitaka kusikia.

"Dada," alisema, "ile siku ya Shabunda nililala hewani. Ndege ilikuwa inashuka. Wewe ulikuwa nyuma yangu, kiti ya pili."

Salwa alimwangalia. Aliuliza Hugues alikuwa wapi. Amisi alisema alikuwa anaandika, hakuona. Salwa alikaa chini, na mahali alipokaa palikuwa juu ya mizani yangu. Mshale ulipanda, na mimi kwa mazoea nikasoma uzito wake. Kisha Salwa aliuliza kwa nini hakumwambia.

"Nilisikia haya kukuambia," Amisi akasema.

Sikuwahi kumsikia mwanamume wa umri ule, mwenye mistari minne mabegani, akisema neno hilo. Salwa alisimama, akajifunga vizuri mtandio wake, akaondoka bila kuuliza tena habari za vitenge.

Kesho yake alirudi na wafanyabiashara wanane, wanawake watano na wanaume watatu, wale wenye mizigo mingi kuliko wote. Hawakupiga kelele. Walimwomba Didier ampigie patron simu na aiweke mezani wote wasikie. Salwa ndiye aliyeongea. Alimweleza patron kwa adabu, kama anavyoongea na mteja, kwamba wao wako tayari mizigo yao ichelewe wiki, lakini hawako tayari kubebwa na mtu anayesinzia. Na kama atawaleta marubani wengine awachoshe vilevile, mizigo yote ya Shabunda itahamia kampuni nyingine tangu Jumatatu. Patron alijaribu kucheka. Hakuna aliyecheka pamoja naye.

Katikati ya mwezi wa kumi na mbili Didier aliwakusanya marubani katika ofisi yake, akatoa karatasi mpya. Mkataba wa mwaka mmoja. Likizo. Programu ya wiki nzima, ambayo ingebandikwa ukutani kila Ijumaa. Safari za Shabunda zisizidi mbili kwa siku. Yote waliyoomba yalikuwemo, na hata yale ambayo hawakuthubutu kuomba.

Marubani walikuwa saba. Karatasi zilikuwa sita.

Didier hakuweza kumtazama Amisi usoni. Alisema tu kwamba Kinshasa ndiyo imeamua. Hugues aliweka kalamu chini, na wengine wakaiweka chini moja baada ya nyingine. Nilikuwa mlangoni na karatasi za uzito za asubuhi ile, na niliona jinsi Amisi alivyowapitia mmoja mmoja kwa macho kabla ya kuongea.

"Musaini," aliwaambia. "Tuliomba hii, na hii imekuja. Mukiikataa juu yangu, mwezi wa pili batawarudisha kwa miezi mitatu, na mimi sitakuwa na kazi vilevile. Hugues, anza wewe."

Hugues alisaini huku machozi yanaangukia karatasi. Amisi alingoja mpaka wa sita alipomaliza, akampa Didier mkono, akachukua kofia yake. Nje alinikuta mimi. Aliniomba karatasi ya safari ya asubuhi, kwa sababu mkataba wake ulikuwa bado na wiki mbili. Aliisoma yote, akasaini, akaenda kurusha ndege.

Didier si mtu mbaya. Haki yake nimpe. Miezi kadhaa baadaye aliniambia kwamba tangu programu ibandikwe ukutani, hata yeye simu yake haimtishi tena.

Amisi alikaa miezi mitano bila kuruka. Alimsaidia dada yake dukani, akikunja vitenge. Salwa alilalamika kwamba anamfukuzia wateja: mtu akiuliza kama rangi haitatoka, Amisi anamwambia itatoka baada ya kufua mara tatu. Lakini walikuwa wanacheka wakisimulia hayo, na mwili wake ulirudi.

Mwezi wa tano kampuni moja ya ndege ya mji wa Kindu ilimtafuta. Mmoja wa wale abiria kumi na wawili, yule yule mnunuzi wa dhahabu aliyelalamika, alikuwa amemsimulia mwenye kampuni juu ya rubani aliyewaomba watu ruhusa ya kulala. Walimtumia mkataba wa mwaka. Amisi na Salwa waliusoma dukani, ukurasa kwa ukurasa, mteja akiingia wanasimama, akitoka wanaendelea. Aliurudisha mara mbili. Mara ya kwanza ni kwa sababu ya sentensi iliyosema mapumziko yatatolewa kadiri itakavyowezekana; alitaka siku zitajwe kwa tarakimu. Mara ya pili alitaka kifungu hicho hicho kiwahusu makopilote pia, ambao hata hakuwa anawajua bado. Ulipokuja mara ya tatu yote yamo, aliusaini, akaukunja, akauweka mfukoni, akaenda kumpigia Hugues simu amsomee kile kifungu cha makopilote.